Kocha Aliyetufundisha Kulima Theluji

Ukumbini, siku ya kumkumbuka Kocha, walimwita kiongozi. Kila aliyepanda jukwaani alilitumia neno hilo, na nyuma yao picha zilikuwa zinapita ukutani: Kocha akiwa msichana mwembamba, amevaa nguo ya njano ya kubana, kichwa chini miguu juu, skii za kutelezea theluji zimepishana angani. Halafu Kocha ndani ya suti. Halafu Kocha akipeana mikono na watu wa serikali. Mimi na rafiki yangu Furaha tulikaa safu ya mwisho karibu na makoti, na muda wote nilikuwa nasubiri picha yetu. Haikuja. Labda hakuna aliyewahi kutupiga picha.

Sijui kuongea mbele ya watu. Hata darasani mwalimu akinitaja jina nahisi shingo inawaka. Kwa hiyo yale ambayo hayakusemwa ukumbini nayaandika. Kocha alinifundisha kuruka na skii. Kocha huyohuyo ndiye aliyeinua mkono kilima chetu kikafungwa, na tangu hapo sijaruka tena. Nilimpenda, na nikamkasirikia miaka miwili, na sasa amekufa na sijui hasira hii niipeleke wapi.

Kocha alikuwa anaogopa njia ya waenda kwa miguu ikiganda barafu. Mtu aliyepiga samasoti mbele ya majaji wa nchi ngapi sijui, anatoka mlangoni kwake Don Mills akiwa amevaa vyuma vyenye meno chini ya viatu, na bado anataka kushikwa mkono mpaka kwenye gari. Furaha, ambaye hana aibu hata kidogo, siku moja alimcheka. Akamwambia, Kocha, hayo ni maji tu yamelala. Kocha hakukasirika. Alisema mlimani anajua ataangukia wapi, ila hapa kwenye barabara ya manispaa hajui, na akatuambia tumshike vizuri.

Nilimfahamu kupitia Mama. Mama yangu ni mhudumu wa wazee, na wakati huo alikuwa anamtunza mama yake Kocha, bibi aliyekuwa halali bila kushikiwa mkono. Shule ikifungwa kwa sababu ya dhoruba Mama alinichukua, nikawa nakaa jikoni kwao, najikunja nisionekane. Kocha aliingia siku moja anatafuta kikombe, akamsikia Mama ananigombeza kwa Kiswahili chetu cha Uvira, akasimama palepale. Na yeye akajibu kwa Kiswahili chake. Kilikuwa Kiswahili cha Dar es Salaam ya utoto wake, alichoondoka nacho na wazazi wake akakihifadhi kama kilivyo. Glasi aliita bilauri. Bafu aliita hamamu. Mama alicheka mpaka akaegemea friji, akasema, bon, Madame, wewe unaongea kama redio ya babu yangu.

Kocha akanigeukia, akaniuliza kama naogopa theluji. Angeniuliza kwa Kiingereza ningetikisa kichwa tu. Kwa Kiswahili nikajikuta nimesema kweli, kwamba naogopa, kwamba tangu tutoke kambi ya wakimbizi Kigoma sijawahi kuizoea. Akasema vizuri, Jumamosi nije, na kama nina rafiki mwoga mwenzangu nimlete. Nikamleta Furaha, ambaye haogopi kitu, na Kocha akasema huyu atatusumbua.

Nataka nieleze kilima chenyewe, maana ukumbini walizungumzia milima mikubwa ya kaskazini na ya ng'ambo tu. Chetu kilikuwa humuhumu mjini, unashuka basi unatembea kidogo. Kilikuwa kifupi. Katikati Kocha alikuwa amejenga tuta la kurukia, na chini ya tuta kuna mteremko mkali wa kutua. Ule mteremko wa kutua ndio uhai wako. Usiku theluji inaganda inakuwa kama sakafu ya saruji, kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuruka lazima ikatwekatwe na mabeleshi mpaka iwe laini. Makocha wengine walikuwa na neno lao la Kiingereza. Yeye kwetu alisema tu, nendeni mkalime.

Basi siku ya kwanza alitupa mabeleshi mimi na Furaha na wasichana wengine wawili wa magorofa yetu ya Flemingdon Park, akaenda juu kutengeneza tuta. Tukalima. Sisi kambini tulikuwa na vishamba nyuma ya nyumba, kulima tunajua. Tulilima kwa bidii kwa sababu tulitaka atuone. Aliporudi, wavulana waliotakiwa kuruka kwanza walikuwa wamesimama juu wamekunja mikono, wanatazama chini. Kocha naye akatazama. Tulikuwa tumepiga matuta. Matuta ya viazi vitamu, yamenyooka, mstari kwa mstari, mteremko mzima.

Akauliza taratibu, "Mmemaliza?"

Furaha akamjibu, "Bado kupanda tu, Kocha."

Kocha alikaa chini kwenye theluji. Alicheka mpaka akavua miwani yake ya theluji akajifuta machozi kwa glavu. Kisha akachukua beleshi, akasawazisha pamoja na sisi, huku anatuonyesha: unakata, unavunja, unaacha, huinui udongo. Alisema udongo. Tangu siku hiyo wale wavulana wakituona tunapita walituuliza mavuno yanaendeleaje. Ulikuwa utani mzuri. Mimi hata nilikuwa nawajibu, kitu ambacho si kawaida yangu.

Alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwa kocha mwingine. Huruki juu ya shamba ulilolima mwenyewe. Unamlimia mwenzako, kisha unasimama pembeni, na ukiridhika kwamba ni laini unainua beleshi juu. Yule aliye kileleni haondoki mpaka alione beleshi lako. Mtoto mmoja mzungu alilalamika kwamba inapoteza muda. Kocha akamwambia, yule anayeinua beleshi anakuambia njoo, nimekutandikia. Kama humwamini usiruke, na kama hukutandika vizuri usiinue. Nimewahi kuona ameisimamisha asubuhi nzima kwa sababu Furaha alikataa kuinua. Furaha, mdogo kuliko wote, amekumbatia beleshi, anatikisa kichwa, na wavulana wakubwa wanasubiri. Kocha hakumharakisha.

Kuhusu kuruka kwenyewe sijui niandikeje. Tulianza kwenye trampolini ndani ya jumba la mazoezi, miezi na miezi, mpaka mwili ukajua wapi ni juu. Halafu tuta dogo. Halafu kubwa. Kocha alisimama pembeni ya mteremko, na ukiwa hewani unaanza kujikunja mapema kwa hofu, unamsikia: ngoja, ngoja, ngoja, sasa. Alituitia kwa Kiswahili kwa sababu mwanzoni Kiingereza kilikuwa kinatuchelewesha. Baada ya muda kilima kizima kilikuwa kinaita ngoja, hata watoto ambao hawakujua ni lugha gani.

Siku nilipopiga samasoti ya kinyumenyume ya kwanza nikatua kwa miguu, nilichokiona hewani ni anga jeupe na ukimya. Nje ya pale, kila siku kuna mtu ananiuliza kitu na mimi natafuta maneno. Hewani hakuna anayekuuliza. Nilitua, nikateleza mpaka chini, nikasimama, na nilikuwa nataka kurudi palepale.

Watu walipiga makofi. Kocha akasema, "Tano."

Tano kati ya kumi. Alisema nilitua kwa bahati, mikono ilikuwa inatafuta mlango. Nililia chooni. Furaha alikuja akasimama nje ya mlango wa choo akaniambia kwamba yeye amepewa tatu na hajalia, kwa hiyo nitoke.

Hapo sasa ndipo mtu anapaswa kumwelewa Kocha. Alikuwa jaji miaka mingi baada ya kuacha kushindana, na ujaji ulimwingia kwenye damu. Aliipa alama chai. Aliupa alama mkate wa Mama: saba na nusu, chumvi imezidi. Mama alinuna wiki nzima, halafu akapunguza chumvi. Lakini hakuwahi kumpa mtu alama kwa sababu anampenda. Alisema alama ya huruma unampa huyu unamwibia yule. Mwanawe mwenyewe aliacha skii akiwa mdogo, na Kocha alituambia waziwazi kwamba mwanawe alikuwa wa alama nne, nne na nusu siku akiamka vizuri. Alisema hivyo kwa upendo. Yule mwana alikuwepo, anakula mihogo ya kukaanga ambayo Kocha alituletea kilimani kwenye chupa pana ya chai, na alikuwa anacheka.

Kwa hiyo wiki aliyonipa saba nilitembea kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani bila kufunga koti.

Yeye mwenyewe hakuwa mrukaji tangu mwanzo. Jambo hili sikulijua mpaka msimu wa pili. Kocha alikuwa mchezaji densi. Zamani katika mchezo huu kulikuwa na tawi la watu wanaocheza densi juu ya skii kwa muziki, wanazunguka, wanapishanisha miguu, wanapindukia juu ya fimbo zao. Ndilo alilolipenda. Kuruka alijifunza pembeni, ili kupata nafasi. Jioni moja tulimsumbua sana atuonyeshe. Akasema yeye ni bibi sasa. Furaha akasema, tutakupa huruma, Kocha. Akamkazia macho, akavaa skii, akasogea pale chini penye tambarare karibu na maegesho.

Hakukuwa na muziki. Alikuwa anaimba mwenyewe kwa pua, wimbo wa senema za Kihindi za utotoni mwake, na akaanza kuzunguka. Taratibu, mguu mmoja umeinuka nyuma, fimbo zimefunguka. Alijikwaa mara moja akaendelea. Watu waliokuwa wanapakia magari waliacha kupakia. Nakumbuka nilifikiri, huyu ndiye Kocha, yule mwingine ni koti tu.

Alipovua skii alituambia densi ilivyoisha. Watu walikaa kwenye chumba nchi ya mbali, wakapiga kura, tawi la densi likafutwa. Hakuna aliyewaita hata waage. Yeye alipata habari kwa simu akiwa anashona nguo ya msimu mpya. Akaimaliza kuishona, kwa sababu ilikuwa imebaki mikono tu.

"Nikaapa," alisema, "siku nyingine wakikaa kwenye chumba, mimi nitakuwa ndani."

Ndiyo maana akawa kiongozi. Kwanza jaji, halafu kamati, halafu mwenyekiti wa chama cha mkoa mzima. Wale waliozungumza ukumbini walisema alikuwa na kipaji cha uongozi. Mimi naona alikuwa na kidonda.

Kulikuwa na Kocha wawili. Wa Jumamosi alivaa koti kuukuu lenye kiraka cha utepe mpana wa gundi, anatuita mabinti, anatupa mihogo. Wa katikati ya wiki alivaa suti ya kijivu na aliongea Kiingereza kilichonyooka mpaka Mama alikuwa anaogopa kumsalimia. Ijumaa jioni hakuwa yeyote kati yao, alikwenda jamatkhana kusali, na simu ilizimwa. Mimi nilidhani wale wawili ni mtu mmoja aliyebadilisha nguo. Sikujua kwamba wanaweza kugombana.

Msimu wa tatu theluji haikuja. Ilikuwa mvua, barafu, mvua. Mashine ikatengeneza theluji, ikayeyuka, ikatengeneza tena. Tulilima tukagonga barafu chini. Jumamosi nyingi Kocha alisimama pembeni, akachoma mteremko kwa fimbo yake, akasema leo hakuna kuruka, twendeni trampolini. Tulikuwa tumechukia. Nilikuwa nimeandikishwa kwa mashindano yangu ya kwanza ya mkoa mwaka unaofuata. Nilikuwa naota nimevaa namba.

Masika tukasikia kwamba chama kitakaa kuamua. Kampuni ya bima imekataa kilima cha mjini, na tuta kubwa la kaskazini linahitaji matengenezo, na pesa za vyote viwili hakuna. Kikao kilikuwa cha wazi. Mimi na Furaha tulipanda basi mpaka jengo la ofisi Don Mills, tukakaa kwenye viti vya ukutani. Sikuwa na wasiwasi. Kocha alikuwa ndani ya chumba.

Waliongea sana. Kocha, akiwa kwenye kiti cha mwenyekiti, alimpa kila mmoja zamu yake na hakusema lake. Wakainua mikono. Waliotaka kilima chetu kifungwe na waliotaka kibaki walikuwa sawasawa. Mtu mmoja akasema basi, ni kura ya mwenyekiti.

Kocha alivua miwani yake ya kusomea akaiweka mezani. Hakututazama. Akauliza tena swali kama lilivyoandikwa, wanaokubali kilima kifungwe, kwa sauti ileile ya kikao, na akainua mkono wake mwenyewe.

Furaha akaninong'oneza, "Ameinua." Kama vile mimi sina macho.

Tulitoka. Kocha alitukimbilia mpaka kituo cha basi bila koti, akiwa na ile suti. Alisema mambo yote ameshayapanga, kutakuwa na basi la kwenda kaskazini kila Jumamosi, bure, mashindano yangu yako palepale, hakuna kilichobadilika. Alikuwa anahema. Mimi nikasema asante, Kocha. Ndivyo nilivyofundishwa kujibu mtu mzima.

Na basi lilikuwepo kweli, hakudanganya. Liliondoka mbele ya maduka kabla hakujapambazuka, likarudi usiku. Lakini Mama anafanya kazi Jumamosi, na mimi ndiye ninayebaki na wadogo zangu. Kilimani nilikuwa nawaweka kwa mama yake Furaha asubuhi tu, nawachukua saa saba. Nani anakaa na watoto wa mwenzake siku nzima, kila wiki, bure? Furaha ana kwaya. Wale wasichana wengine wawili, baba yao alisema binti hatembei usiku. Kocha alipiga simu nyumba kwa nyumba. Alikuja mwenyewe, akapanda gorofa yetu lifti ikiwa mbovu, akakaa na Mama. Mama alimpa chai akamwambia, "Dada, mimi zamu yangu nitamwachia nani?" Nadhani kwenye kile chumba alifikiria theluji, na bima, na migongo yetu. Hakufikiria Jumamosi ya Mama.

Hakuna aliyetufukuza. Basi lilikuwa linaondoka na viti vyetu vitupu, halafu msimu uliofuata halikuondoka. Furaha siku hizi anauza kahawa na anasema skii ilikuwa baridi tu. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Kwa miaka miwili sikwenda kwa Kocha. Mama yake alikwisha fariki, kwa hiyo hata Mama hakuwa na sababu ya kwenda huko. Halafu mwezi wa kumi Mama alikuja na habari kwamba Kocha ana saratani na amekataa dawa zilizobaki. Akapika sombe ya majani ya muhogo, akaifunga kwenye bakuli, akanishikisha bakuli lile mikononi kama mtoto mdogo, akasema nenda ukamsalimie mtu wako.

Kocha alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini. Alikuwa amepungua hata shingo. Mwanawe alitumiminia chai akatuacha. Kocha alionja sombe kijiko kimoja, akasema mwambie Dada asante. Hakuipa alama, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Unaruka?" aliniuliza.

"Hapana, Kocha."

"Hata trampolini?"

"Hata trampolini."

Akatazama nje, magari ya barabara kuu yanapita kimya nyuma ya kioo. Baadaye akasema hajawahi kuniomba radhi, na anataka nijue kwa nini. Si kwamba hakufikiria.

"Umelelewa vizuri mno," alisema. "Ningeomba, ungesema hakuna neno, Kocha. Na ungekuwa hujasamehe bado. Ningekuwa nimekunyang'anya hata hiyo hasira."

Nilitazama zulia. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia vizuri kwa sababu aliinama mbele, kama angepata nafasi tena angefanyaje. Alisema angeinua mkono tena. Alisema kulima kwa msimu ule hakukuwa kulima, kulikuwa kupaka poda juu ya jiwe, na kila Jumamosi aliyoturuhusu alikwenda nyumbani akiona mmoja wetu hainuki. Lakini alisema pia kwamba alidhani basi linatosha. Alilirudia hilo. Nilidhani basi linatosha.

Nilikuwa na swali moja. Nilikuwa nalo miaka miwili, nalisema kichwani nikioga, nikipanga foleni, nikiwasubiri wadogo zangu nje ya shule yao. Na nilijua jibu ninalolitaka. Nilitaka aniambie hapana. Kwamba nilikuwa wa alama tano, tano na nusu siku nikiamka vizuri, msichana mwenye aibu aliyependa kimya cha hewani, na kilima kilipofungwa hakikupotea kitu kikubwa. Mtu akikuambia hivyo unalia siku mbili, halafu unafanya hesabu zako za shule, unaendelea.

"Kocha, ningefika?"

Aliweka kikombe chini. Alikipeleka polepole mpaka kikagusa sahani. Akanitazama vile alivyokuwa anatutazama tukiwa juu, kabla hatujashuka, macho yamekaza, haoni kingine. Nilimwona akitafuta uongo. Naapa nilimwona, kwa sababu alinipenda na alijua ninachoomba. Alitafuta, na hakuupata.

"Ungefika," alisema. Akapumua. "Ungefika mbali sana, binti."

Nikasema asante, Kocha. Nikachukua bakuli la Mama, nikavaa koti, nikaagana na mwanawe mlangoni. Nikaingia kwenye lifti, milango ikajifunga, na nilichokuwa nakitaka pale ndani, kuliko kilima, kuliko namba ya mashindano, ni kwamba mara moja tu katika maisha yake Kocha angekuwa mwongo.